Mwalimu Poul la Cour na Vinu vya Upepo vya Askov

Mwaka 1891 mwalimu mmoja wa hesabu na fizikia katika kijiji cha Askov, nchi ya Denmark, alipewa fedha na serikali yake, akajenga kinu cha upepo karibu na shule aliyofundisha. Kinu cha upepo hakikuwa kitu kigeni kwa watu wa huko, maana babu zao walisaga nafaka kwa vinu vya namna hiyo kwa mamia ya miaka. Lakini kinu hiki hakikusaga kitu. Kilizungusha dinamo, na dinamo ikatoa umeme. Mwalimu huyo aliitwa Poul la Cour.

Siku hizi twasikia kila mara habari za mabadiliko ya tabianchi. Tunapochoma makaa ya mawe, dizeli na petroli, hutoka hewa ya ukaa, nayo hutanda juu ya dunia kama blanketi na kuzuia joto lisitoke. Kwa hiyo mafundi wa nchi nyingi wanatafuta njia za kupata nguvu bila kuchoma kitu, na upepo ni mojawapo ya njia kubwa. La Cour hakuwa akifikiri habari hizo hata kidogo. Shida iliyomsumbua ilikuwa nyingine, kama tutakavyoona. Hata hivyo, maswali yanayowasumbua mafundi wa leo ndiyo yaleyale yaliyomkosesha usingizi yeye.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1846, karibu na mji mdogo wa Ebeltoft, katika rasi ya Jutland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikwenda mji mkuu, Copenhagen, akasoma elimu ya hali ya hewa, na serikali ilipoanzisha Taasisi ya Hali ya Hewa mwaka 1872, yeye aliwekwa kuwa naibu wa mkuu wake, naye hajatimiza bado miaka thelathini. Hicho kilikuwa cheo kikubwa kwa kijana.

Katika miaka hiyo alifanya pia uvumbuzi wa telegrafu. Alitumia nyuma za chuma, zile ambazo zikigongwa hutoa sauti moja tu isiyobadilika. Kila uma ulikuwa na sauti yake, na kwa njia hiyo aliweza kupeleka habari nyingi pamoja katika waya mmoja, nazo zikatenganishwa mwisho wa waya bila kuchanganyika. Ilikuwa akili kubwa. Lakini wavumbuzi wa Marekani, kama vile Elisha Gray, nao walikuwa wakishughulikia jambo lilo hilo, na ugomvi wa hati za uvumbuzi haukumletea la Cour mali aliyoweza kuitarajia.

Mwaka 1878 akafanya jambo ambalo wengi wangeliona la ajabu. Aliacha cheo chake katika mji mkuu, akaenda kufundisha shule ya kijijini.

Shule ya Askov haikuwa shule kama zetu. Ilikuwa shule ya vijana wa mashamba, watu wazima tayari, na ilifuata mafundisho ya mchungaji Grundtvig, aliyetaka watoto wa wakulima wapate elimu ya kuwafungua macho bila kuwatenga na kwao. Shule za namna hiyo hazikuwa na mitihani (wanafunzi wenzangu wasifurahi mno, maana kazi ilikuwa nyingi vilevile). Denmark ilikuwa imeshindwa vitani na Prussia na Austria mwaka 1864, ikapoteza nchi kubwa upande wa kusini, na Askov palikuwa si mbali na mpaka mpya. Watu waliamini kwamba lililopotea nje halina budi kutafutwa ndani, kwa elimu na kazi. La Cour naye aliamini hivyo. Alifundisha hesabu na fizikia kwa kufuata historia yake: jinsi watu wa kale walivyopata tatizo, wakakosea, wakajaribu tena mpaka wakapata kanuni. Mwanafunzi hakupewa kanuni kwanza. Alipewa shida kwanza.

Sasa tufike kwenye shida yake mwenyewe. Katika miaka ya 1880 umeme ulianza kuingia katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Ulitoka katika mashine za mvuke zilizochoma makaa ya mawe. Denmark haina migodi mikubwa ya makaa wala milima yenye maporomoko ya maji. Makaa yalinunuliwa nchi za nje na kuletwa kwa meli. Mji uliweza kulipa, kijiji hakikuweza. La Cour aliona kwamba mambo yakiendelea hivyo, viwanda vyote vitakuwa mijini, na vijana anaowafundisha watafunga mizigo yao na kuondoka mashambani mmoja mmoja. Alitazama nje ya dirisha, akaona kitu kimoja ambacho Jutland inacho tele kuliko haja. Upepo kutoka bahari ya magharibi huvuma huko mchana na usiku.

Hakuwa wa kwanza kutoa umeme kwa upepo. James Blyth alifanya hivyo Scotland mwaka 1887, na Charles Brush alifanya karibu wakati huohuo katika mji wa Cleveland, Marekani, kwa kinu kikubwa chenye mabawa 144, akajaza betri zilizokuwa chini ya nyumba yake. Lakini wale walitafuta taa za nyumba zao. La Cour alitafuta taa za vijiji vyote vya nchi.

Upepo una maudhi mawili. La kwanza ni kwamba hauendi sawasawa. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwa hiyo dharuba moja ndogo yatosha kuirusha dinamo mbio na kuharibu taa. Kwa hili la Cour alitengeneza chombo alichokiita kratostati. Mkanda uliotoka kwenye kinu kwenda kwenye dinamo aliupitisha katika magurudumu yaliyoning'inizwa kwa mizani na uzito, hata upepo ukizidi, mkanda uliteleza badala ya kuvuta. Dinamo ikapata nguvu ileile, iwe dharuba au siyo. Baadaye alikirahisisha chombo hicho mpaka fundi wa kijiji aliweza kukitengeneza.

Udhia wa pili ni mkubwa zaidi: upepo hulala. Wakati mwingine hulala jioni, saa ambayo watu wanataka taa. Basi nguvu za upepo wa jana zitawekwa wapi mpaka leo? Betri za wakati huo zilikuwa ghali. La Cour akachagua njia tunayoijua sote katika chumba cha sayansi. Ukipitisha umeme katika maji, maji hugawanyika. Upande mmoja hutoka hidrojeni na upande wa pili oksijeni, na hidrojeni huwa mara mbili ya oksijeni. Yeye alitumia umeme wa kinu kugawanya maji, akaziweka hewa hizo katika matangi, na kuzipeleka kwa mabomba mpaka shuleni. Zilipowaka pamoja katika taa maalum zilitoa mwanga mkali. Tangu mwaka 1895 mpaka 1902 wanafunzi wa Askov walisoma usiku kwa mwanga uliotokana na upepo uliokwisha kupita.

Tena mnakumbuka kwamba mwalimu akisogeza kijiti chenye moto kwenye neli ya hidrojeni, husikika mlio mdogo. Mlio huo ni wa neli moja iliyochanganyika na hewa kidogo. Katika matangi ya Askov nako oksijeni kidogo iliingia kwenye hidrojeni, na mlio wake haukuwa mdogo. Zaidi ya mara moja madirisha ya nyumba za shule yalipasuka, na la Cour akalazimika kuweka vioo vipya. Hakuna aliyemfukuza, jambo linalonifanya niwaheshimu sana wakuu wa shule ile.

Hapa yapasa kusema kweli: njia ya hidrojeni haikushinda. Alitaka kuzitia hewa zile katika injini zigeuke nguvu tena, lakini jambo hilo halikumtengenekea. Mwishowe alikubali betri za risasi, na mwaka 1902 shule ikaacha taa za gesi. Kinu kikawa kituo cha umeme cha kijiji cha Askov, chenye betri za kushika umeme na injini ya kusaidia upepo ukikosekana siku nyingi. Mtu mwingine angeshikilia uvumbuzi wake kwa ajili ya fahari. Yeye aliuweka kando.

Wakati huohuo alikuwa akipima mabawa. Alitengeneza sanduku refu lililo wazi pande mbili, akaweka pangaboi la kusukuma upepo ndani yake, na mbele ya upepo huo akapima mabawa madogo ya mfano, moja baada ya jingine, kwa pembe na maumbo mbalimbali. Watu walidhani kwamba mabawa yakiwa mengi kinu hushika upepo mwingi. Vipimo vyake vilionyesha kwamba kwa kazi ya umeme kinu chenye mabawa machache yanayokwenda kasi ni bora. Mwaka 1897 alijenga kinu cha pili, kikubwa zaidi, na habari za vipimo vyake akazichapisha katika vitabu ili mafundi wote wazipate.

Ni ajabu kwamba katika mwaka 1896, ng'ambo ya bahari nchini Uswidi, mtaalamu Svante Arrhenius alichapisha hesabu zake zilizoonyesha kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka angani, joto la dunia litapanda. Mmoja alihesabu ugonjwa, na mwingine, bila kujua, alikuwa akipika dawa katika kijiji kisicho mbali sana. Ilipita miaka mingi kabla ya kazi hizo mbili kukutanishwa.

Mwaka 1903 la Cour alishiriki kuanzisha Chama cha Umeme wa Upepo cha Denmark, cha kuwashauri wanavijiji waliotaka vituo vyao wenyewe. Mwaka uliofuata akafungua mafunzo ya mafundi wa umeme wa mashambani pale Askov. Kwa maoni yangu mafunzo haya yalipita vyombo vyake vyote kwa thamani. Vijana wa kawaida walijifunza kutandika nyaya, kutunza betri na kurekebisha kinu, kisha wakarudi makwao. Kinu kinaweza kuagizwa kutoka mbali, lakini kikiharibika usiku wa baridi anatakiwa mtu wa palepale.

Poul la Cour alifariki tarehe 24 Aprili 1908, akiwa na umri wa miaka 62. Ilipofika mwaka 1918 vituo vya umeme vya mashambani vyenye vinu vya upepo vilikuwa kama 120 katika Denmark. Kisha mafuta yakawa rahisi, nyaya kubwa zikafika kutoka mijini, na vinu vikaachwa vikaoza kimoja kimoja.

Lakini miongoni mwa vijana wa mafunzo ya mwaka 1904 alikuwamo mmoja wa miaka 17, jina lake Johannes Juul. Alifanya kazi ya umeme maisha yake yote, na alipokuwa mzee, wakati ambapo wengi waliuona upepo kuwa jambo la zamani, alijenga kinu cha mabawa matatu huko Gedser, kusini ya Denmark. Kilianza kazi mwaka 1957, kikatoa umeme wa kilowati 200, nacho kilikwenda miaka kumi bila matengenezo makubwa. Kilisimamishwa mwaka 1967. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafula, watu walirudi Gedser kukitazama, hata Wamarekani wakaomba kiwashwe tena ili kipimwe. Vinu vya Denmark vya baadaye vilifuata mfano wake.

Mojawapo ya kampuni zilizovitengeneza ni Vestas, ambayo asili yake ni karakana ya mhunzi katika kijiji cha Lem, hukohuko Jutland. Vinu vyake vimefika kwetu Afrika Mashariki. Katika Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, vimesimama vinu 365 vya kampuni hiyo, kila kimoja cha kilowati 850, chenye mabawa matatu. Vilikuwa tayari mwaka 2017, lakini vilikaa zaidi ya mwaka bila kupeleka umeme, kwa sababu njia ya nyaya ya zaidi ya kilometa 400 ilikuwa haijakwisha. Umeme ulianza kupita mwaka 2018. Upepo wa Turkana ulikuwapo siku zote; kilichokosekana ni mahali pa kuupeleka.

Denmark yenyewe sasa hupata karibu nusu ya umeme wake kwa upepo, na upepo ukilala huletewa umeme wa maporomoko ya maji kutoka Norway na Uswidi. Na mafundi wake wameanza tena kugawanya maji kwa umeme wa vinu ili kuweka hidrojeni akiba, kazi ileile iliyomvunjia la Cour madirisha. Kinu chake cha mwaka 1897 kingali kinaonekana Askov, nacho ni jumba la makumbusho.