Kirchner: Mchoraji Aliyejikata Mkono kwa Rangi

Anayetaka kujua kutumia rangi za mafuta hufanya vyema kuanza kwa kuiga kazi ya fundi. Mimi nilichagua picha ambayo Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner alijichora mwenyewe mwaka 1915, akiwa amevaa sare za jeshi. Kuiga picha hiyo kulinilazimu kuyajua maisha yake, nayo nayaeleza hapa kwa ufupi.

Kirchner alizaliwa Mei 6, 1880, mjini Aschaffenburg. Alisomea kazi ya kuchora ramani za majumba mjini Dresden, akahitimu mwaka 1905. Lakini mwaka huo huo yeye na wenzake watatu, Fritz Bleyl, Erich Heckel na Karl Schmidt-Rottluff, waliunda chama cha wachoraji wakakiita Die Brücke, maana yake Daraja. Vijana hao hawakutaka kuchora vitu kama jicho linavyoviona, bali kama moyo unavyovihisi. Katika jumba la makumbusho la Dresden walizitazama kwa makini sanamu zilizochongwa Afrika na visiwa vya Pasifiki, wakajifunza mengi kwa wachongaji hao.

Mwaka 1911 Kirchner alihamia Berlin, na chama chao kikavunjika mwaka 1913. Mwaka uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka. Aliingia jeshini katika kikosi cha mizinga, lakini hakuyaweza maisha ya huko. Akili ilimchafuka, akaruhusiwa kutoka mwaka 1915.

Ndipo alipoichora picha hii. Uso ni wa manjano, sigareti imebandikwa mdomoni, macho ni matupu, na begani ipo namba 75 ya kikosi chake. Nyuma yake yupo mwanamke aliye uchi. Mkono wake wa kulia umekatwa, kimebaki kigutu chenye damu.

Kwa kweli Kirchner hakupoteza hata kidole kimoja vitani. Alichokichora ni hofu yake kwamba hataweza kuchora tena.

Nilianza kwa mkaa, kisha rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, na ile nzito nikaiweka mwisho. Rangi yenye mafuta mengi ikitangulia chini, ile ya juu huweza kupasuka. Kirchner mwenyewe alizoea kuizimua yake kwa petroli ili ikauke upesi bila kung'aa. Kilichonichukua siku nyingi kuliko vyote ni kile kigutu. Nilikipaka rangi kwa mkono wangu mzima, nikatambua kwamba naye alifanya hivyo hivyo: mkono anaouonyesha umekatwa ndio uliokuwa na kazi.

Mwaka 1917 alikwenda Uswisi kutafuta afya, akakaa karibu na Davos akichora milima na wakulima. Lakini mwaka 1937 serikali ya Hitler iliziondoa kazi zake 639 katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani. Picha ya askari ilitundikwa mjini Munich katika maonyesho ya sanaa ya kudhihakiwa. Kirchner alijiua kwa bastola Juni 15, 1938, akiwa na umri wa miaka 58.

Picha yenyewe ilinusurika, na sasa imo katika makumbusho ya Oberlin, Marekani. Mwanafunzi atazizoea rangi kwa mazoezi. Kuitoa hofu yake hadharani, kila mtu aione, ni somo ambalo brashi peke yake haimfundishi mtu.