Alan Blumlein, mhandisi aliyeipa sauti kushoto na kulia

Ukiwa chini ya mikorosho hapa Ruangwa, mtu akikuita unageukia upande aliko hata kabla hujamwona. Masikio mawili yamekwambia: sauti imewahi kufika sikio moja, tena kwa nguvu zaidi. Santuri za zamani hazikuwa na jambo hilo. Siti binti Saad wa Zanzibar aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake na vyombo vyote vilisikika vikitoka mahali pamoja.

Mhandisi Alan Blumlein, aliyezaliwa London tarehe 29 Juni 1903, hakuridhika na hali hiyo. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mkewe, Doreen, akaona mwigizaji anavuka kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine huku sauti yake imebaki palepale. Akamwambia mkewe kwamba anajua dawa yake.

Desemba 1931 aliomba hataza ya uvumbuzi wake. Maikrofoni mbili zinawekwa pamoja, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, kisha sauti zote mbili zinachongwa kwenye mfereji mmoja wa santuri. Ndiyo tunayoiita sterio. Kwa njia hiyo msikilizaji anaweza kumsikia mwimbaji katikati, gitaa kushoto na ngoma nyuma. Hata umbali unasikika: sauti ya karibu ni kavu, ya mbali huja na mwangwi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Blumlein aliingia kwenye kazi ya rada. Tarehe 7 Juni 1942 ndege aliyopanda kujaribu rada ilianguka huko Uingereza, ikaua watu wote 11. Alikuwa na miaka 38, akaacha mjane na watoto wawili wa kiume. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya siri, kifo chake hakikutangazwa wakati ule. Santuri za sterio zilienea madukani mwishoni mwa miaka ya 1950, naye hakuziona.

Wengi wetu tunasikiliza kwa spika moja ya simu, na hapo kushoto na kulia vinachanganyika tena. Leo jioni vaa spika za masikioni zote mbili, yenye herufi L kushoto na yenye R kulia. Weka wimbo wa dansi uliorekodiwa kwa sterio, fumba macho, kisha utafute gitaa la solo liko upande gani.