Tabibu Aliyeipa Jina Saratani ya Damu

Leo nawasimulia habari za Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1821 huko Pomerania, akasomea utabibu mjini Berlin na kufanya kazi katika hospitali ya Charité.

Mwaka 1845, akiwa kijana bado, aliipasua maiti ya mwanamke mmoja mpishi. Alikuta bandama kubwa ajabu na damu iliyojaa chembe nyeupe kupita kiasi. Mwaka huo huo John Hughes Bennett wa Edinburgh aliuona ugonjwa kama huo, akadhani ni usaha. Virchow hakukubali. Usaha una chanzo chake, naye chanzo hakukiona. Kasoro ilikuwa katika damu yenyewe. Mwaka 1847 akaupa jina la lukemia, yaani damu nyeupe kwa Kiyunani.

Nyakati hizo hizo alikuwa akichunguza jambo jingine, ambalo wanaomtaja kwa saratani hulisahau. Alionyesha kwamba mapande ya damu iliyoganda hutoka mbali, kama vile miguuni, yakapita moyoni na kukwama mapafuni. Mimi naona ukubwa wake uko hapo: hakuitenga damu na njia zake.

Matabibu wa leo wamemfuata. Yako maradhi ya uboho yanayozidisha chembe nyekundu hata damu ikawa nzito, ikaganda, mtu akapigwa na kiharusi au mshituko wa moyo. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 na 2017 ulionyesha kwamba watu ambao baadhi ya seli za uboho wao zimegeuka, japo hawana saratani, huwa katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo. Na daunorubisini, dawa ya kuua seli za lukemia, huweza kuudhoofisha moyo. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa moyo kabla ya kuianza. Mwenye kuuguza asikidharau kipimo hicho.

Virchow alikuwa mkali pia wa siasa. Mwaka 1848 alitumwa Silesia ya Juu kulikozuka homa inayoenezwa na chawa, akarudi akiilaumu serikali kwa ufukara wa watu. Mwaka uliofuata akahamia Würzburg, asirudi Berlin hadi 1856.

Januari 1902 aliruka kutoka kwenye tramu, akavunjika mfupa wa paja. Hakupata nguvu tena. Tarehe 5 Septemba moyo wake ukashindwa, akafa, naye ana miaka 80.