Marehemu Mohamed Amin na Picha za Jua Kali

Hapa Machakos jua la mchana halina huruma. Mji umeinuka kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Ifikapo adhuhuri kivuli cha mtu hujikunja chini ya miguu yake. Kazi yangu ni kupiga picha, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu huniuliza swali lile lile: katika jua kama hili, kamera iwekwe namba gani? Kabla ya kuwajibu huwasimulia habari za marehemu Mohamed Amin. Wazee wa pwani wanalijua vyema jina hilo. Vijana wengi hawamjui, na mimi naona ni hasara kwao.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi hiyo ikawahamishia Dar es Salaam mtoto akiwa bado mdogo. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, ile ya sanduku iitwayo Box Brownie. Kamera hiyo haikuwa na mambo mengi: tundu lake la kupitishia mwanga ni dogo, kasi yake ni moja, na mwenye kuishika hana budi kulitegemea jua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kijana huyo alianza na jembe hilo hilo, akapiga picha za mashindano ya magari ya Safari, na mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, akaanzisha Dar es Salaam kampuni yake ya picha, Camerapix.

Hapo ndipo ninapowafundisha vijana kanuni ya kwanza. Penye jua kali lisilo na wingu, weka tundu la lenzi namba 16, na kasi ya shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga, iwe karibu sawa na namba ya filamu. Filamu ikiwa 100, kasi iwe sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ukitaka kukamata gari linalokimbia, ongeza kasi hadi sehemu moja ya 500, kisha upanue tundu hadi namba 8 ili mwanga uwe ule ule. Ni kama mizani: unachopunguza huku, unakiongeza kule. Kamera za leo zisizo na filamu, hata zile za simu, zinafuata hesabu hiyo hiyo.

Lakini namba peke yake haitoshi, na kuanzia hapa maisha ya marehemu yana mengi ya kutufunza. Mwaka 1964 yalipotokea mapinduzi ya Zanzibar alikwenda kupiga picha. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Zanzibar, akawekwa gerezani karibu mwezi mzima, halafu akafukuzwa nchini akarudi Nairobi. Hakuvunjika moyo. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji, Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa waliofika upesi, na picha zake za siku hiyo zilimpatia tuzo huko Uingereza.

Kitabu chake ninachokipenda mimi ni kile cha Hija, kilichotoka mwaka 1978. Nawaomba wasomaji wafikirie ugumu wa kazi ile. Jua la Hijazi ni kali, umati hauna mwisho, na karibu kila mwanamume amevaa ihramu nyeupe. Kipima mwanga cha kamera ni chombo kisicho na akili. Chenyewe hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu cha wastani. Kikiona nguo nyeupe tele, husema mwanga umezidi, hupunguza, na nyuso za watu hugeuka makaa. Wangapi kati yetu tuna picha za Idi ambamo kanzu inaonekana hadi mishono yake, na mwenye kanzu hajulikani ni nani?

Kinyume chake pia ni kweli. Katika wilaya yetu ya zamani ya Machakos wako mafundi wa Wamunyu, wachongaji mashuhuri wa vinyago. Ukisogeza kamera hadi kinyago cha mpingo kikaijaza picha, kipima mwanga hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na ule weusi mzuri wa mpingo hutoka umepauka kama majivu. Basi penye weupe mwingi ongeza mwanga hatua moja au mbili, na penye weusi mwingi upunguze. Anayetaka njia rahisi na apime mwanga wa kiganja chake akikiweka kwenye jua lile lile linalomwangukia mtu anayepigwa picha, kisha aongeze hatua moja. Viganja vya wanadamu havitofautiani sana, awe mtu mweusi au mweupe.

Nyuso ndizo zilizompa marehemu jina lake kubwa. Mwezi Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Watu waliopigwa na njaa walikuwa wamejikusanya huko kwa maelfu. Picha zilizotikisa ulimwengu zilionyesha kambi ile alfajiri, katika baridi na mwanga hafifu, wakati ambapo kanuni ya namba 16 haifai kitu. Mwanga wa saa hiyo huja kwa ubavu, si kutoka utosini. Huingia machoni mwa mtu na kumwonyesha jinsi alivyo. Dunia iliona nyuso zile ikashindwa kugeuka. Misaada ilimiminika, na Julai 1985 wanamuziki wakafanya maonyesho makubwa London na Philadelphia kuchangia walioathirika. Namba za wenye njaa zilikuwa zimekwisha kutajwa kabla ya hapo. Nyuso ndizo zilizowaamsha watu.

Kwa hiyo, wenzangu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, msikubali harusi zenu na Idi zenu zipigwe picha saa sita mchana penye uwazi. Jua la utosi huyajaza macho kivuli. Bora kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Ikiwa hapana budi mchana, mketisheni mzee barazani, kivulini, akiutazama ukuta mweupe wa chokaa ulio mbele yake juani. Ukuta huo utamrudishia mwanga laini usoni. Hapo panua tundu hadi namba 5.6 au 4, na upime uso, usipime kanzu. Tulichojaliwa na wazee wetu katika ujenzi, wenzetu huko ng'ambo hukinunua kwa fedha nyingi.

Mwezi Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, na Mohamed Amin akapoteza mkono wake wa kushoto. Mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, alifariki. Wengi walidhani kazi imekwisha, lakini alivaa mkono wa bandia, akajifunza upya kushika kamera, akaendelea.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji waliiteka, wakataka ipelekwe Australia, na mafuta yakaishia juu ya Bahari ya Hindi. Ndege ilianguka majini karibu na ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, naye akiwa mmoja wao, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Mtalii aliyekuwa ufukweni alikuwa na kamera, akainasa ndege ikigusa maji mchana kweupe. Aliyetumia maisha yake kushuhudia misiba ya wengine, msiba wake ulishuhudiwa na kamera ya mtu asiyemjua.

Jua huwaangukia wote sawasawa, tajiri na maskini. Kamera ndiyo yenye upendeleo, na mwenye kuishika ndiye atakayeulizwa amemtoa nani kwenye nuru na amemwacha nani gizani. Kila tunapopiga picha ya mama zetu na wazee wetu, tuhakikishe kwamba wajukuu watawaona sura zao watakapokuwa hawapo tena. Mwenyezi Mungu amrehemu Mohamed Amin, na amjaalie makazi mema.