Bwana Carver na Mashamba Yaliyochoka

Hapa Kitomanga mtu akilima mahali pamoja miaka michache, mchanga huchoka na muhogo hukonda, naye hushika shoka kwenda kufyeka mwitu mwingine. Mwitu ukiisha, tutakwenda wapi? Tumeona vema, wapendwa wasomaji, kuwasimulia habari za mtu aliyekutana na swali kama hilo kwa wakulima maskini, akalijibu kwa jembe.

George Washington Carver alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, karibu na mwaka 1864. Angali mchanga, wanyang'anyi walimwiba pamoja na mama yake. Bwana wao akamkomboa mtoto kwa farasi. Mama hakuonekana tena. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, alikaa bustanini, hata majirani wakamwita tabibu wa mimea. Elimu aliitafuta kwa taabu, akifua nguo za watu apate kula. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kilipoona rangi yake kikamkataa. Mwishowe alipata shahada mbili katika chuo cha kilimo cha Iowa, miaka ya 1894 na 1896.

Mwaka ule wa 1896 Booker T. Washington alimwita Tuskegee, katika Alabama, awafundishe wana wa watu waliotoka utumwani. Huko pamba ilikuwa imepandwa mwaka kwa mwaka hata ikala nguvu yote ya udongo, na mvua ikachukua kilichosalia. Wakulima wengi walilima ardhi ya wengine, wakakopa mbegu na chakula, wakalipa kwa pamba ile ile.

Carver alipewa kishamba kibovu cha majaribio. Vyombo vyake vya kwanza vya uchunguzi aliviokota jalalani. Mbolea ya dukani aliijaribu, lakini akaona mkulima wa kule hawezi kuinunua. Basi akachukua matope meusi ya bwawani na majani ya msituni, akayaozesha. Akapanda kunde, viazi vitamu na karanga kwa zamu na pamba. Kunde na jamaa zake zina vifundo mizizini, na humo viumbe visivyoonekana kwa macho huishika naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mabaki yakifukiwa, udongo hushiba. Mbaazi zetu hufanya kazi iyo hiyo, ingawa wengi wetu tunaziona kuwa mboga tu.

Wakulima walikutana naye chuoni kila mwezi, wakileta udongo na maji ya visima vyao ayapime, wakieleza pia yaliyowafaa na yaliyowashinda. Wasioweza kuja walifuatwa: mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama, alilolipanga yeye, lilianza kuzunguka vijijini na majembe na mbegu, na majirani wakaona kazi katika shamba la mwenzao. Aliandika pia vijitabu vyepesi. Kile cha karanga cha mwaka 1916 kina njia 105 za kuzipika na kuzitengeneza. Wako wasemao kwamba siagi ya karanga aliivumbua yeye. Si kweli, wala sifa yake haiihitaji.

Twakiri kwamba kunde hazikufuta deni. Mkulima asiye na shamba aliirutubisha ardhi ya mwingine, na jambo hilo Carver hakuwa na uwezo wa kulitengeneza.

Nchi yetu ya Lindi nayo ina habari zake za karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Waingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwamo. Matrekta yaling'oa mwitu kabla udongo na mvua havijajaribiwa vya kutosha katika vishamba vidogo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Carver hakuyaona hayo. Kila alfajiri alikuwa akitembea msituni peke yake, akiomba na kuokota mimea, hata uzeeni. Hakuoa. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, na akiba yake akaiachia kazi ya uchunguzi pale Tuskegee. Kaburi lake liko kando ya kaburi la Booker T. Washington.