Mwanamitindo Aliyeficha Jina

Ada ya mwaka wa pili niliimalizia kwa kupigwa picha. Duka moja la vitenge mjini lilinilipa kwa kila gauni nililovaa mbele ya kamera, na usiku nikirudi hosteli nachora katuni za jarida hili. Nilizisaini kwa herufi mbili tu, maana watu wakijua mchoraji ni binti, utani wote unahamia kwake. Sasa nakaribia kumaliza chuo. Dukani wananitaka moja kwa moja, na mimi moyo uko kwenye kalamu. Nikiwa katika kuhangaika huko ndipo nilipokutana na maisha ya Tarpé Mills, nikaona niwasimulie, wanachuo wenzangu.

Huyu alikuwa Mmarekani, jina lake la kwanza June, aliyekulia Brooklyn, New York. Alitaka kusoma sanaa pale Pratt Institute, chuo cha hapohapo Brooklyn, lakini ada ilikuwa shida, na mambo ya bumu enzi hizo hayakuwepo. Basi akafanya uanamitindo. Kuvaa na kusimama mbele ya watu ndiko kulikomlipia masomo.

Angeweza kubaki huko. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 vitabu vya katuni vilianza kushika kasi Marekani, naye akaingia humo, akachora hadithi za vituko kama The Purple Zombie. Tatizo likawa jina. Wasomaji wengi walikuwa wavulana, na aliona kwamba wakijua hadithi zao za ngumi na bunduki zimechorwa na mwanamke, watazidharau. Akaiweka June pembeni, akabaki na Tarpé, jina lisilosema ni la kike au la kiume.

Tarehe 6 Aprili 1941 katuni yake ya Jumapili ikaanza kutoka magazetini. Ndiyo iliyokuja kujulikana kama Miss Fury. Shujaa wake, Marla Drake, ni binti wa kitajiri anayevaa ngozi ya chui mweusi aliyoirithi, akapambana na wahalifu na majasusi wa Kinazi. (Ngozi yenyewe, hadithi inasema, ilitoka kwa mganga wa Afrika. Yaani hata huko tulikumbukwa kwa uchawi tu, jamani!) Wonder Woman, aliyebuniwa na mwanamume, alitokea miezi kadhaa baadaye.

Kilichonigusa mimi ni nguo. Ukitazama kurasa zake unaona mitindo hakuiacha mlangoni. Gauni za Marla zinaanguka mwilini kama kitambaa halisi. Kofia, viatu, mabega, kila kitu kimechorwa na mtu aliyewahi kuvaa na kusimama masaa. Hata paka wake mweupe wa nyumbani aliingizwa kwenye hadithi. Alichora alichokijua.

Ujuzi huohuo ulimletea matata. Mwaka 1947 magazeti 37 yalikataa kuchapa sehemu moja kwa sababu vazi la mwanadada mmoja wa klabu ya usiku lilionekana limezidi. Mills aliendelea kuchora.

Na ile siri? Haikudumu. Vita vikiwa bado vinaendelea, magazeti yaliandika kwamba mchoraji ni mwanamke, lakini katuni haikufa. Iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya hapo alirudi kwenye uchoraji wa biashara, akachora katuni tena kidogo tu mwaka 1971, na akafariki mwaka 1988.

Nilikuwa naiona kazi ya dukani kama aibu ya kupita, kitu cha kusahau siku nikipata cheti. Mills amenibadilisha. Kazi inayokulipia ada nayo ni darasa. Ukiondoka, ondoka na ulichojifunza. Nikimaliza nitachora, na vitenge nilivyovaa vitakuwa ndani ya michoro.

Lakini kwenye jina sitamfuata. Yeye alikuwa na sababu zake, na soko la wakati wake lilikuwa gumu. Mimi woga wangu ulikuwa ni utani wa hosteli tu. Katuni ya ukurasa wa mwisho wa toleo hili ni yangu, na safari hii nimeisaini jina langu zima.