Lauri Rapala: Mvuvi aliyechonga kizibo kikazaa kiwanda

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mdogo akiulizwa nini kinamkwamisha, mara nyingi hujibu kuwa ni mtaji. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini wapo watu walioanza na vitu vilivyokuwa vikitupwa jalalani, na biashara zao zimeendelea kuishi miaka mingi baada ya wao kuzikwa.

Mmoja wao ni Lauri Rapala, mvuvi wa maji baridi kutoka Finland, nchi iliyoko kaskazini mwa Ulaya. Alianza na kipande cha kizibo, kisu cha fundi viatu na karatasi inayong'aa iliyofungiwa chokoleti. Leo kampuni yenye jina lake inauza zana za uvuvi katika nchi zipatazo 140.

Bidhaa iliyompa jina ni chambo cha bandia, yaani samaki mdogo wa kuchonga mwenye ndoano, anayefungwa kwenye mshipi na kuvutwa majini. Samaki mkubwa humwona, hudhani ni mlo, humvamia na kunaswa.

Jina lililotokana na kosa

Rapala alizaliwa Novemba 27, mwaka 1905, katika wilaya ya Sysmä. Wakati huo Finland ilikuwa bado chini ya utawala wa Urusi, na ilipata uhuru wake mwaka 1917.

Jina la ukoo wake halikuwa Rapala. Mama yake, Mari, alikuwa wa ukoo wa Saarinen. Lauri akiwa na umri wa miaka saba hivi, mama na mtoto walihamia wilaya jirani ya Asikkala, na walipofika huko ilibidi waandikishwe katika daftari la kanisa.

Mchungaji aliyeandika hakukumbuka jina la ukoo. Badala yake akaandika jina la kijiji walichotoka, ambacho kiliitwa Rapala. Kosa hilo halikusahihishwa, na miaka 50 baadaye jina hilo la kijiji likawa linachapishwa kwenye maboksi yanayovuka bahari.

Alipokua alifanya kazi ambazo vijana maskini wa vijijini walizipata. Majira ya baridi alikata magogo msituni, na majira mengine alifanya kibarua mashambani na kuvua samaki. Mwaka 1928 alimwoa Elma Leppänen, wakaanza kulea familia.

Ziwa, familia na ndoano 1,000

Uvuvi wake aliufanya katika ziwa Päijänne, ambalo ni la pili kwa ukubwa nchini Finland na lina urefu wa kilometa zipatazo 120. Ni ziwa lenye visiwa vingi na maji ya baridi. Ndani yake mna samaki walao wenzao, kama trauti na paiki, ambaye ni samaki mrefu mwenye meno makali.

Miaka ya 1930 ilikuwa migumu. Uchumi wa dunia uliporomoka, vibarua vilipungua na bei ya mazao ikashuka. Kwa familia kama ya Rapala, siku ambayo ziwa lilikataa kutoa samaki ilikuwa siku ya njaa nyumbani.

Alitumia nyavu, na pia kamba ndefu yenye ndoano nyingi, aina ya mtego ambao wavuvi wa Ziwa Victoria huuita migonzo. Kamba yake ilikuwa na ndoano zilizofikia 1,000.

Msomaji anayejua hesabu za kazi ataona tatizo mara moja. Ndoano 1,000 zinahitaji vyambo 1,000. Kwa maneno mengine, kabla ya kuvua samaki wa kuuza, ni lazima kwanza uvue samaki wa kutega. Kisha uwachome mmoja mmoja kwenye ndoano, uzitupe majini, uzivute na kesho uanze tena.

Kila siku sehemu kubwa ya nguvu yake iliishia kwenye gharama ya kutegea. Chambo kikiliwa pasipo samaki kunasa, hasara ilikuwa yake peke yake.

Samaki mgonjwa ndiye anayeliwa

Akiwa kwenye mtumbwi wake, akipiga makasia kimya kimya, Rapala alikuwa na tabia ya kuangalia chini majini. Humo aliona jambo ambalo wengi hupita nalo bila kulitia maanani.

Samaki mlaji anapokutana na kundi la dagaa halivamii hovyo. Humsubiri yule anayeogelea tofauti na wenzake. Mwenye jeraha au ugonjwa huyumba kidogo, hupepesuka upande huu na ule, na huyo ndiye anayeshambuliwa. Kumfukuza mzima kunamaliza nguvu, lakini dhaifu anapatikana kwa urahisi.

Mfugaji anafahamu hali hii. Fisi hufuata mnyama anayechechemea nyuma ya kundi.

Hapo Rapala akapata wazo. Ikiwa angeweza kutengeneza samaki wa bandia anayeyumba kama yule mgonjwa, asingehitaji tena kutafuta dagaa 1,000 kila siku. Kitu kimoja kingefanya kazi leo, kesho na keshokutwa.

Kisu, msasa na chokoleti

Mwaka 1936 alikaa chini na kuanza kuchonga. Kizibo alikichagua kwa sababu ni chepesi na huelea. Alikikata kwa kisu cha fundi viatu, akakilainisha kwa msasa hadi kikapata umbo la samaki mwembamba.

Magamba yalikuwa tatizo, kwa kuwa samaki wa kweli hung'aa anapogeuka. Rapala alitumia karatasi za fedha zilizofungiwa chokoleti, akazibandika mwilini mwa samaki wake.

Tatizo la pili lilikuwa maji kupenya. Hakuwa na vanishi ya dukani. Alichukua filamu za zamani za picha, akaziyeyusha na kupaka ute wake juu ya chambo. Ulipokauka ukawa ngozi ngumu isiyopitisha maji.

Mbele ya chambo, chini ya kinywa, kulikuwa na kidomo kama kijiko kidogo. Kazi ya kidomo hicho ni kubwa. Mshipi unapovutwa, maji hukisukuma, chambo kinazama kidogo na kuanza kuyumba kulia na kushoto. Ndio ule mwendo wa samaki mgonjwa.

Haikufaulu kwa jaribio moja. Alichonga, akajaribu majini, akarudi kuchonga tena. Hatimaye samaki wakaanza kukubali. Simulizi za maisha yake zinasema kuwa zipo siku alizorudi na samaki wa kilo zipatazo 270.

Majirani waliona, wakataka navyo. Kazi aliyoianza ili kulisha watoto wake ikawa bidhaa.

Kila kimoja kiingie majini kwanza

Biashara hiyo ilisumbuliwa mapema na vita. Finland ilipigana na Umoja wa Kisovieti kuanzia Novemba 1939 hadi Machi 1940, kisha tena kuanzia mwaka 1941 hadi 1944. Amani iliporejea, Rapala na familia yake waliendelea kuchonga nyumbani.

Malighafi nayo ilibadilika kadri walivyopata nafasi. Kutoka kizibo walitumia ganda la msonobari, na baadaye balsa, mti mwepesi sana unaotoka Amerika ya Kusini.

Watoto wa kiume, akiwamo Reijo, Risto na Ensio, waliingia kazini na kuleta mashine, na idadi ya vyambo ikaanza kuongezeka.

Lakini kulikuwa na kanuni moja ambayo mzee hakuilegeza. Hakuna chambo kilichotoka bila kujaribiwa majini kwa mkono. Kila kimoja kilifungwa mshipi na kuvutwa. Kisipoyumba sawasawa kilirekebishwa kwa kupinda kidogo kitanzi cha mbele hadi kikae sawa.

Sababu yake ni rahisi. Mbao hazifanani. Kipande kimoja kina uzito zaidi upande mmoja, kingine rangi imekaa nene. Kwa macho vyote ni vizuri, lakini majini kimoja kinaogelea na kingine kinapinduka. Mvuvi aliyenunua kinachopinduka hatarudi tena dukani, na atawaeleza wenzake.

Mgeni anakuwa mtangazaji

Mwaka 1952 mji wa Helsinki uliandaa Michezo ya Olimpiki. Wageni kutoka nchi nyingi walifika, na baadhi walirudi makwao wakiwa na vyambo vya Rapala mizigoni.

Vingine vilifika Marekani, hasa jimbo la Minnesota, lenye maelfu ya maziwa na wakazi wengi wenye asili ya Finland. Huko uvuvi wa burudani ni jambo kubwa. Watu hununua mashua, fimbo za kuvulia, mishipi na vyambo kwa ajili ya mapumziko ya mwisho wa wiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwuzaji wa zana za uvuvi aitwaye Ron Weber alikutana na chambo hicho na kuona jinsi kilivyokuwa kikivua kuliko vingine. Alimshirikisha Ray Ostrom, aliyekuwa na duka la zana hizo mjini Minneapolis. Mwaka 1959 wakawasiliana na familia ya Rapala na kuanza kuagiza. Kampuni yao ikaja kujulikana kwa jina la Normark.

Rapala hakulijua soko la Marekani. Alikubali kufanya kazi na watu waliolijua, naye akabaki na kazi aliyoiweza, yaani kutengeneza.

Oda zilipofurika

Agosti 1962 jarida la Life la Marekani lilichapisha makala kuhusu Rapala na chambo chake. Kwa bahati, toleo hilo lilikuwa na picha ya Marilyn Monroe kwenye jalada. Mcheza filamu huyo alikuwa amefariki dunia siku chache kabla, hivyo jarida liligombaniwa kila mahali.

Watu wengi waliolinunua kwa sababu ya Monroe wakakutana pia na habari za mvuvi wa Finland. Historia ya kampuni inaeleza kuwa zilimiminika oda zilizofikia milioni tatu, kiasi ambacho familia isingeweza kukitengeneza hata kwa kukesha.

Uhaba ulikuwa mkubwa kiasi kwamba baadhi ya maduka ya kando ya maziwa yalikodisha chambo kwa siku, na mteja aliacha amana hadi akirudishe.

Wakati huohuo waigaji waliamka. Mwaka huohuo wa 1962 kampuni moja ya jimbo la Arkansas ilianza kuuza chambo cha plastiki cha mfano huo, kilichoitwa Rebel. Plastiki humiminwa kwenye kalibu, na kwa muda mfupi unapata maelfu yanayofanana.

Familia ilikuwa njia panda. Ingeweza kuacha majaribio ya majini ili itoe mzigo haraka na kuwawahi washindani. Au ingeendelea na kanuni ya mzee, huku wateja wakisubiri na wengine wakiondoka.

Walichagua kujenga. Walipanua kiwanda, wakaongeza mashine na wafanyakazi, lakini kujaribu kila chambo kwa mkono kukabaki. Plastiki haikuwaondoa sokoni. Wavuvi walikuwa tayari kulipia uhakika kwamba wakifungua boksi, kilichomo kitaogelea.

Jina hata Ziwa Victoria

Lauri Rapala alifariki dunia Oktoba 1974 akiwa na umri wa miaka 68. Mwaka 1998 hisa za kampuni ziliingia katika soko la hisa la Helsinki. Mwaka 2000 kampuni iliinunua VMC ya Ufaransa, watengenezaji wa ndoano, na jina likawa Rapala VMC.

Vyambo vyake vimefika hata kwetu. Watalii wanaovua sangara katika Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, huvuta vyambo vikubwa vya aina hiyo nyuma ya boti. Sangara, kama paiki, hula samaki wenzake, hivyo ujanja wa samaki mgonjwa unamnasa naye.

Kwa mfanyabiashara anayeuza zana hizi, kipimo cha Rapala bado kinafaa. Funga chambo kwenye mshipi, kivute majini. Kikivuta upande wa kushoto, pinda kitanzi cha mbele kidogo kuelekea kulia, na kikienda kulia, fanya kinyume chake. Usikaze fundo likabana kitanzi. Acha duara dogo ili chambo kipate nafasi ya kuyumba. Mteja akionyeshwa hayo kabla ya kulipa, ataondoka na imani.

Hata asiyeuza zana za uvuvi ana la kuchukua. Anayefungasha unga, anayeuza mbegu au anayetengeneza majembe, wote hufika siku ambayo wateja wanazidi mzigo uliopo. Siku hiyo kishawishi cha kupitisha mzigo bila kuukagua huwa kikubwa. Rapala aliifikia akiwa na oda ambazo hakuwahi kuziota, na bado kila chambo kiliingia majini kabla ya kuingia kwenye boksi.